Chiriku Akisema Basi

Mwalimu wa darasa la tatu hakupiga simu kulalamika. Alipiga kuuliza. Ana mwanafunzi, alisema, binti wa miaka tisa, ambaye kila siku baada ya mapumziko ya saa nne analala kwenye dawati kama mtu aliyetoka kubeba mawe. Si kusinzia, ni kulala fofofo, mpaka mate yanalowesha daftari.

"Zamani tulimwita Chiriku," mwalimu alisema. "Alikuwa hanyamazi hata ukimziba mdomo. Siku hizi nikimuuliza kitu ananiangalia mikono kwanza, ndipo ananijibu."

Hayo maneno ya mikono ndiyo yaliyomfanya mshauri aiache chai yake ipoe. Alikuwa na miaka kumi na mmoja katika kazi ile, kwenye kituo cha kusaidia familia zilizoingiliwa na ngumi: vyumba vitatu nyuma ya zahanati, madirisha yakitazama kamba za kuanikia mashuka. Aliwasikiliza akina mama, akina baba na watoto, akawapangia usalama, akasimama nao polisi na mahakamani. Mtaani walimpa jina la Mvunja Ndoa, wala si kwa kumsengenya. Mzee wa duka la vifaa vya ujenzi alimwita hivyo mchana kweupe. Yeye akisema "Shikamoo, mzee," mzee hujibu, "Marahaba, Mvunja Ndoa, leo umevunja ngapi?" Naye hucheka, kwa sababu mzee yule yule ndiye aliyemtuma binti yake kituoni mwaka uliopita.

Alikutana na Chiriku kwenye stoo ya shule, katikati ya maboksi ya chaki. Hakumuuliza nani anampiga nani. Alimuuliza habari za usingizi.

"Nyumbani silali vizuri," mtoto alisema. "Zamu ni yangu."

"Zamu ya nini?"

"Ya kusikiliza."

Kisha akaeleza, taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. Baba yake hanywi pombe. Baba yake ni fundi umeme, watu wote wanampenda, wanamwita Mcheshi. Akirudi akiwa kimya, hakuna neno. Lakini akisimama pale nje na majirani akacheka sana, sana, basi siku hiyo ndani ni mbaya. Kwa hiyo akisikia kicheko, Chiriku humbeba mdogo wake wa miaka miwili, wakaingia bafuni, akafunga komeo.

"Na mama?"

"Mama anabaki. Lazima mtu abaki."

 Miaka kumi na mmoja, na bado kuna sentensi zinazompiga kifuani. Akamwambia mtoto ukweli, kama alivyozoea: kwamba mengine atakayoambiwa atayatunza, ila haya ya watu kuumizwa hawezi kuyasikia akakaa kimya, na kwamba hatafanya jambo lolote bila kumwambia yeye kwanza.

"Utamwambia baba?"

"Hapana. Si kabla nyinyi hamjawa mahali salama."

Chiriku aliitazama mikono ya mshauri. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Hatua iliyofuata mshauri aliikosea. Alipiga namba ya mama iliyoandikwa kwenye rejista ya shule, pembeni mwa maneno fundi cherehani, saa ya kazi, akiamini mume hayupo. Sauti nzito ya kiume ikapokea. Ulimi wa mshauri ukatangulia: "Samahani, naulizia gauni langu. Fundi aliniahidi wiki hii."

Yule mwanamume akacheka kicheko kizuri, cha kukaribisha. "Wateja wa mke wangu hamna subira nyie! Njoo kesho, dada, nitamsimamia mwenyewe."

Mshauri alikata simu. Alijilaumu siku nzima: kosa la mwanafunzi, mtu mzima kama yeye. Lakini maji yalishamwagika, na kujilaumu hakukumsaidia mtu. Kesho yake alichukua gauni lake la kazi, akalifumua pindo kwa wembe, akaenda.

Mama Chiriku alishonea kwenye chumba cha mbele, mlango wazi, kikitazama barabara. Alikuwa mwembamba, pini tatu mdomoni, na shingo imefungwa kitambaa ingawa jua lilikuwa kali. Alimtazama mgeni, akatoa pini moja moja.

"Mimi sina gauni lako, dada."

"Najua. Ninalo mimi." Mshauri alilitoa mkobani, akashusha sauti. "Natoka kituo cha familia. Mwalimu wa mwanao ana wasiwasi naye, na mimi pia. Ukitaka niondoke, niambie tu urefu wa pindo, nitaondoka."

Fundi alilitandaza gauni mezani, akapima pindo, akapima tena. 

"Shingo nilijigonga kabatini," alisema, ingawa hakuna aliyeuliza.

"Pole."

"Rudi Alhamisi."

Alirudi Alhamisi, na Jumatatu, na Alhamisi nyingine. Pindo likashushwa, likapandishwa. Zipu zikabadilishwa. Mikono ya blauzi ikapunguzwa mpaka blauzi ikabaki haina maana. Nguo zilizochanika zilipomwishia, mshauri alikaa ofisini akifumua nzima. Mwenzake, mwanamume mpole anayeendesha kikundi cha akina baba, alimtazama akicheza na wembe, akatikisa kichwa.

"Dada, kwa mwendo huu utakuja kazini umejifunga pazia."

"Nitajifunga. Ilimradi anifungulie mlango."

Wiki ya tatu mama Chiriku alifungua. Hakulia. Alizungumza huku anashona, mguu ukikanyaga, kana kwamba maneno yangesimama mashine ikisimama. Ndoa ya miaka kumi. Kofi la kwanza akiwa na mimba ya Chiriku. Kituo cha polisi alikokwenda mara moja tu, wakamwambia mambo ya chumbani hayaletwi kaunta. Ndugu zake waliosema vumilia. Na tangu mdogo azaliwe, mkono wa mume umehamia shingoni.

Mshauri aliposikia neno shingoni, alinyoosha mgongo. "Mama Chiriku, sikutishi, nakwambia nilichokiona kazini. Mwanamume akifika shingoni, siku zinakuwa chache. Hatuna mwaka wa kufikiri."

"Na nikitoka nitaishije? Kila nilicho nacho ni hii." Alikipiga kibao cha cherehani kwa kiganja. "Yeye mwenyewe ameshaniambia, ukiondoka utaondoka na miguu yako tu."

Wengine waliowahi kumshauri walikuwa wamemwambia mashine si kitu, uhai kwanza. Mshauri hakusema hivyo. Alimtazama mwanamke huyu aliyekuwa amelea watoto wawili kwa sindano, akaelewa kwamba kumwambia aiache mashine ni kumwambia arudi baada ya mwezi mmoja.

"Basi mashine itatangulia," alisema. "Nyinyi mtaifuata."

Wakapanga. Mama Chiriku alianza kulalamika nyumbani kwamba sindano inaruka mishono. Mumewe alimjibu, mbele ya jirani, kwamba hata mashine imemchoka; jirani akacheka. Vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki vikaingia ndani ya mto uliokuwa ukingojea kushonwa. Fundi wa kutengeneza cherehani, rafiki wa kituo, akakubali kuja Jumanne asubuhi na mkokoteni wake, mume akishakwenda kazini. Nyumba salama ikatafutwa, mbali na mtaa ule. Chiriku akaambiwa jambo moja tu: Jumanne usilale darasani, nitakuja kukuchukua mapema. Akauliza, "Zamu nani atashika?" Mshauri akamjibu, "Mimi. Ni kazi yangu, nalipwa."

Jumanne ilifika. Saa tatu asubuhi mashine ilikuwa tayari iko mkokotenini, imefunikwa turubai, gari la kituo limesimama kona, Chiriku yumo ndani na begi la shule. Mama mtu alikuwa anamvalisha mdogo viatu. Ndipo mama mkwe alipotokea mlangoni.

Hakuna aliyemtarajia. Aliishi mitaa mitatu kutoka pale, na alikuwa na desturi ya kuja Jumapili tu. Alikuwa amefuata kitenge chake kilichokuwa kinashonwa. Akauona mkokoteni. Akauona mfuko wa nguo. Akamwona mwanamke mgeni amesimama sebuleni na funguo za gari mkononi.

"Mnakwenda wapi?"

 Kiatu cha mtoto kilimponyoka Mama Chiriku mkononi. Bibi yule, mnene, mzito wa magoti, aliketi kwenye kizingiti, akauziba mlango wote.

Mshauri angeweza kusema uongo. Alikuwa na gauni mkobani kwa kazi hiyo. Lakini kitu katika namna bibi alivyoketi kilimzuia. Akachuchumaa mbele yake.

"Mama, tunawatoa hapa. Unajua kwa nini."

"Huyo ni mwanangu."

"Ndiyo, mama."

"Nimemzaa mimi. Nimemnyonyesha mimi."

"Ndiyo."

Bibi alitazama barabarani. Mkokoteni ulikuwa unasubiri. Mwenye mkokoteni alijifanya anakagua gurudumu. "Baba yake alinipiga miaka thelathini," bibi alisema, bila kumwangalia mtu. "Nikawa najiambia, watoto hawajui, watoto wamelala. Kumbe huyu hakuwa amelala. Alikuwa anajifunza." Akashika fremu ya mlango, akajiinua kwa shida. "Nipe huyo mtoto. Wewe beba mfuko, na huo mto. Haya, mbona mmesimama kama sanamu? Mnangoja arudi?"

Akambeba mjukuu hadi garini yeye mwenyewe. Mshauri alimsihi asirudi nyumbani kwake siku ile, aende kwa dada yake, maana mwanawe atakuja na hasira. Bibi alikubali kwenda, lakini kwa sharti lake: "Akiniuliza, nitamwambia niliwaona na nikawapisha. Nimeficha vya kutosha."

Akamwambia kweli, kwa simu. Na wiki mbili baadaye, Mcheshi alipofika mahakamani amevaa shati jeupe, akimsalimia kila karani kwa jina, mama yake alisimama kizimbani akatoa ushahidi. Aliongea kwa dakika chache tu. Alipomaliza, hakuna aliyekuwa anatabasamu chumbani mle, hata mwanawe.

Hakimu alitoa amri. Baba asimkaribie mama wala asimtafute. Ahudhurie kikundi cha akina baba kwa muda wote uliopangwa. Watoto aweze kuwaona kituoni tu, mbele ya mshauri, na ikiwa wao wenyewe wataridhia. Mdogo alikuwa hajui kitu. Ilibaki kwa Chiriku.

"Nataka kumwona," Chiriku alisema.

Mama yake alimgeukia mshauri, uso umebadilika. "Tumemkimbia, sasa tumfuate? Kwa nini unampa nafasi mtu yule?"

"Simpi yeye, mama. Nampa mtoto. Na ukiona haifai, sema. Tutarudi kwa hakimu pamoja."

"Nataka nimwone akiwa amekaa," Chiriku alifafanua. "Sijawahi kumwona amekaa tu."

Mama yake akasema sawa, kwa sauti ya mtu anayenyanyua mzigo.

Wakaanza mazoezi. Mshauri alimweleza mtoto kwamba kwenye chumba kile mwenye amri ni yeye. Akichoka, akiogopa, au hata asipotaka tu, atasema neno moja: basi. Baba atainuka na kuondoka. Hatadaiwa sababu.

"Asipoinuka?"

"Mimi nipo, na askari wa mlangoni yupo. Lakini wewe kazi yako ni neno tu. Mengine tuachie sisi."

Mshauri akaigiza baba. Akakaa kwenye kiti, akakunja nne, akaanza habari za ajabu ajabu. Chiriku akasema "basi" kwa sauti ya kunong'ona. Mshauri akainuka, akatoka, akafunga mlango, akasimama koridoni. Wakarudia. Mara ya tano sauti ilikuwa inasikika. Mara ya nane Chiriku alimtoa kabla hajakaa vizuri. Mara ya kumi na moja akamtoa kwa raha zake tu, akicheka, na mama anayepiga deki koridoni akasimamisha fagio lake na kuuliza, "Leo umekosa nini, mbona unafukuzwa hivi?"

Maandalizi ya baba hayakuwa na kicheko. Yeye alikuja nacho, lakini mshauri hakukipokea.

"Dada, mimi na wewe tutaelewana tu," Mcheshi alisema, akijinyoosha kitini.

"Tutaelewana ukishika masharti. Huulizi wanakaa wapi. Hutumi salamu kwa mama yao. Hutoi ahadi. Humgusi mpaka yeye aanze. Na akisema basi, unaondoka."

"Mtoto wangu anifukuze mimi?"

"Ndiyo."

"Huko ni kunivunjia heshima."

"Baba Chiriku, mtoto huyu alikuwa anashika zamu ya kukusikiliza ukija. Analala shuleni kwa sababu yako. Heshima unayoitafuta inaanzia hapo, kwenye kuinuka akikwambia inuka. Kama huwezi, sema leo, tusimpotezee wakati."

Alisema anaweza. Hakuweza. Siku ya kwanza, dakika ya tisa, aliuliza kwa upole kabisa, "Mama bado anashona? Hapo mnapokaa pana nafasi ya mashine?" Chiriku alifungua mdomo, akaufumba. Mshauri akasimama papo hapo. "Ziara imekwisha." Yakafuata makelele, askari akaingia, kiti kikaanguka. Mtoto alikuwa ameshatolewa kwa mlango wa pili.

Ziara zikafungwa wiki sita. Kila Jumatano baba alikwenda kikundini, maana asipokwenda amri ingemrudisha mbele ya hakimu. Yule mwanamume mpole anayekiendesha alimpa mshauri habari kwa kifupi: wiki tatu hakusema neno, ya nne akasimulia vituko, wenzake wakavunjika mbavu, ya tano akasimulia tena, hakuna aliyecheka. Mwanamume mmoja mwenye mvi alimwambia, "Hata mimi nilikuwa mcheshi hivyo hivyo. Wanangu sasa hawapokei simu yangu." Ya sita Mcheshi aliketi ameinamisha kichwa. Mshauri hakuichukua hiyo kama ushindi. Vichwa vilivyoinama aliviona vingi, na vingine huinuka vile vile vilivyokuwa.

Akamuuliza Chiriku upya. Akamuuliza mama upya. Wote wakasema ndiyo, kila mmoja chumba chake.

Siku ya ziara ya pili mvua ilikuwa imenyesha na chumba kilinuka saruji mbichi. Baba alikaa. Hakukunja nne. Akauliza habari za shule, Chiriku akajibu neno moja moja. Akauliza ile redio ndogo waliyoitengeneza pamoja zamani kama bado inaongea. Chiriku akasema inaongea, lakini inakwama stesheni moja, na kwamba yeye alifungua nyuma akaona waya umelegea. Baba akamweleza namna ya kuukaza. Kwa dakika mbili hivi walikuwa tu fundi na mwanafunzi wake, na mshauri, kwenye kiti chake pembeni, alijikuta anaacha kubana meno.

Hapo dirishani akapita jamaa anayemfahamu baba, akamtania jambo juu ya mvua. Mcheshi akageuka, akacheka. Kile kicheko cha nje, kikubwa, cha majirani.

Chiriku alikauka. Mabega yalimpanda masikioni. Akautafuta mlango kwa macho, kisha akamtazama mshauri, na mshauri hakufanya lolote. Alimrudishia tu macho, imara, ya kumwambia nipo.

"Basi," Chiriku alisema.

Halikuwa neno la kunong'ona.

Kicheko kilikatika katikati. "Lakini mama, si ndiyo kwanza nimefika. Nimekosa nini?" Kiganja kikaangukia meza, si kwa nguvu, lakini kikaanguka.

"Baba Chiriku," mshauri alisema, bila kuinuka, bila kupandisha sauti.

Alitaka kujibu. Ilionekana usoni, jibu lilikuwa limeshafika mdomoni. Kisha akaona mwanawe anatazama nini. Alikuwa anatazama kiganja chake. Baba naye akakitazama, kana kwamba kimeletwa pale na mtu mwingine. Akakiondoa mezani polepole, akakitia mfukoni.

"Haya, mama," alisema. "Nimesikia."

Akainuka. Kiti kilikwaruza sakafu, Chiriku akashtuka, naye akakinyanyua na kukirudisha bila kelele. Akatoka. Hakugeuka mlangoni.

Chumba kilibaki na mlio wa matone kwenye bati. Chiriku alikuwa bado amekaa, vidole vimeshika ukingo wa kiti.

"Ameondoka kweli?"

"Njoo uone."

Wakasimama dirishani. Baba alikuwa anavuka barabara peke yake, akiruka madimbwi, hajavaa kofia. Chiriku alimfuata kwa macho mpaka alipopinda kona, na baada ya hapo akaendelea kuitazama kona yenyewe.

"Nilisema mara moja tu," alisema.

"Mara moja tu."

"Jumatano ijayo nitampa nafasi tena. Nitaona nimpe dakika ngapi."

"Utaona wewe."

Mama yake alikuwa anasubiri chumba cha nyuma, mikono imekumbatiana mapajani. Mshauri alimweleza yote, pamoja na kicheko, pamoja na kiganja mezani, maana kumficha mama jambo ilikuwa ni kumwibia. Mama Chiriku alisikiliza. Akauliza swali moja: "Alitoka kabla ya askari kuingia?"

"Kabla."

Akavuta pumzi. Hakusema atarudiana naye, na hakusema amemsamehe. Mshauri wala hakuwa amemwuliza. Alisema ana gauni la bibi harusi la kukabidhi kesho na kola haijakaa sawa. Akamshika mwanawe mkono, wakatoka kwa mlango wa nyuma, Chiriku akiwa mbele kwa hatua moja, akieleza habari za waya wa redio bila kupumua.

Mshauri akarudi mezani, akafungua faili, akaandika: Ziara imesimamishwa na mtoto. Baba ametii. Ziara ijayo Jumatano, saa tisa alasiri, mtoto aulizwe tena kabla. Kisha akaenda mlangoni, ambako mwanamke mwenye mtoto mgongoni alikuwa amesimama kwa muda bila kuthubutu kubisha.

"Karibu, mama," alisema. "Ingia ukae."